Mwenye Mkono Ndani Ndiye Mwenye Ufunguo

Stima ikipotea katika viwanda vya Changamwe au Shimanzi, hapa Mombasa, kazi haisimami, hubadilika tu. Wapakiaji hutoka nje kutafuta upepo na mafundi huitwa ndani. Beringi iliyokuwa ikilia tangu asubuhi, mkanda uliolegea, visu vya mashine ya kusagia ambavyo muda wake wa kubadilishwa ulipita zamani, vyote hushughulikiwa sasa, kwa sababu mashine imesimama na hakuna wa kulaumiwa kwa kuisimamisha. "Fundi, ingia haraka kabla stima haijarudi," msimamizi husema. Fundi huingia.

Maneno hayo yanastahili kutazamwa vizuri. Anayeyasema anakiri kwamba stima itarudi na kwamba hajui saa. Anayeingia anajua vivyo hivyo. Kinachomlinda mtu aliyezamisha mkono mpaka begani ndani ya mashine ni bahati tu, kwamba mafundi wa laini za umeme huko nje watachelewa kumaliza kazi yao. Hoja yangu ni hii: usalama wa matengenezo unategemea nani ana uwezo wa kuiwasha mashine tena, kuliko unavyotegemea mashine kuwa imezimwa. Katika viwanda vingi vya mji huu uwezo huo umeachwa kwa wasiokuwa ndani ya mashine: msimamizi wa uzalishaji, mtu wa paneli, kampuni ya umeme, hata kifaa kinachojiendesha chenyewe. Unapaswa kuhamishiwa kwa yule aliyeingia, na chombo cha kuuhamisha ni kufuli la shilingi mia chache.

Nianze na stima yenyewe. Kukatika kwa umeme kunadanganya kwa sababu kunafanana na kuzimwa. Taa zimekufa, feni zimetulia, mashine kimya. Lakini swichi zote ziko vile vile zilivyokuwa dakika moja kabla, na njia nzima kutoka kwenye transfoma hadi kwenye mota imeunganika. Viwanda vikubwa vina jenereta yenye swichi inayojigeuza: laini ya Kenya Power ikifa, jenereta hujiwasha na kubeba mzigo baada ya sekunde chache bila mkono wa mtu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipoingia gizani, jenereta iliyotegemewa katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ilikataa kuwaka, na abiria wakakaa gizani. Wengi waliona aibu ya taifa. Mimi nafikiri fundi wa mitambo alipaswa kuona jambo jingine pia: jenereta iliyokataa kuwaka ni jenereta ambayo mtu fulani anahangaika kuiwasha, na akifaulu hatapiga simu kwanza kuuliza nani yuko ndani ya mashine. Siku hizi kuna na sola juu ya mapaa ya viwanda, na betri zake. Kiwanda kilichozoea kupokea umeme kwa njia moja sasa kinaupokea kwa njia mbili au tatu, na fundi mzee anayejua meni swichi moja tu hajui tena kiwanda chake.

Mafundi wa laini wanalijua hili kuliko sisi sote. Utaratibu wa kazi yao ni kwamba waya uliozimwa hupimwa kwanza, kisha huunganishwa na ardhi upande huu na upande huu wa mahali wanapofanyia kazi. Kwa nini, ikiwa umeshazimwa? Kwa sababu jenereta ya duka moja tu kule Magongo, iliyounganishwa bila swichi ya kubadilishia, yaweza kusukuma umeme kinyumenyume hadi kwenye transfoma, na transfoma ile ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 415 huzipandisha tena ikilishwa kutoka chini. Fundi aliye juu ya mlingoti hulipwa na kampuni, lakini anaweza kuuawa na jirani asiyemjua. Basi yeye hategemei ahadi ya mtu. Ananing'iniza waya wake wa ardhi na ndipo anagusa.

Ndani ya kiwanda makosa huanzia kwenye kitufe chekundu. Watu wengi huamini kuwa ukibonyeza kitufe cha dharura mashine imekufa. Kitufe hicho hukata tu mkondo mdogo unaoishikilia kontakta, yaani swichi kubwa inayopitisha umeme wa mota, ili iachie. Volti 415 zimebaki zimesimama mlangoni pa kontakta, na kontakta iliyochakaa huweza kuganda ikashindwa kuachia. Mtu mwingine akikizungusha kitufe kikarudi juu, njia ya kuiwasha imerudi. Mashine mpya zinazoongozwa na kompyuta zina hatari ya ziada, kwani huweza kusubiri ishara ya sensa na kujiendeleza pale zilipoachia. Ukimpiga fundi picha akiwa amelala chini ya mashine ya kujaza chupa, na kinga yake pekee ni kitufe chekundu, umempiga picha mtu asiye na kinga.

Tuseme sasa meni swichi imekatwa kweli na kupigwa kufuli. Je, mashine imekufa? Hapa ndipo penye elimu, na ndipo mafundi wetu wengi walipoachwa wajifunze kwa majeraha. Draivu zinazorekebisha mwendo wa mota huugeuza umeme wa volti 415 kuwa wa mkondo mmoja unaokaribia volti 590, na kuuhifadhi kwenye kapasita, vifaa vya kutunzia chaji. Ukikata stima, chaji ile hubaki kwa dakika kadhaa, na ndiyo maana kwenye kifuniko chake huandikwa muda wa kusubiri. Hewa ya kompresa, yenye presha ya bar 7 au 8 (bar moja ni karibu presha ya hewa tunayovuta), hubaki kwenye mabomba, na silinda iliyosimama nusu ya safari huenda mbio mara tu valvu inapoguswa. Mashine za kuinulia kontena zimejaa oili yenye presha. Fundi akilegeza hosi huku mzigo uko juu, ameushusha mzigo kwa mkono wake. Tena kuna uzito wenyewe. Kinu cha kusagia saruji, na pwani hii imesaga saruji tangu miaka ya 1950, kikisimama hubaki na mipira ya chuma na klinka, yale mawe ya saruji yanayosagwa, zimeegemea upande mmoja. Breki ikiachiwa, kinu hujizungusha kurudi chini, tani kwa tani, bila stima hata chembe.

Joto letu pia ni chanzo cha nishati. Kwenye viwanda vya barafu vinavyotumia ammonia kupozea, kimiminika hicho huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Kompresa ikiwa imezimwa na mchana wa Mombasa uko nyuzi 30, ammonia iliyo ndani ya mfumo ina presha zaidi ya mara kumi ya hewa tunayovuta. Kipande cha bomba kilichojaa kimiminika na kufungwa valvu huku na huku huendelea kujijaza presha kadiri jua linavyopanda. Fundi anayesema "tumezima" anazungumza juu ya mota. Bomba halijasikia.

Mabaharia wetu waliofanya kazi kwenye injini za meli wanaweza kuwafundisha wa viwandani. Injini kubwa ya meli huwashwa kwa hewa iliyoshindiliwa hadi bar 30 hivi. Kabla mtu hajaingia ndani yake, valvu ya hewa ile hufungwa, mabomba hutolewa presha, na gea ndogo ya kuizungusha injini polepole huingizwa ili isiweze kuondoka yenyewe. Na pale bandarini Kilindini, wapiga mbizi wanaposhuka kusafisha propela, maisha yao yako chumba cha injini, mita nyingi kutoka walipo, mikononi mwa watu wasiowaona. Mzamiaji hawezi kupiga kelele akiwa chini ya maji. Kitu pekee kinachoweza kumsemea kule juu ni kufuli.

Mahali panaponiogopesha zaidi, hata hivyo, hapaitwi matengenezo kabisa. Ni kukwamua. Gunia limenasa kwenye mkanda, unga umeganda kwenye parafujo ya kuusukumia, chupa imelala kwenye reli. Hakuna anayemwita fundi. Kibarua aliye karibu hupeleka mkono. Kwake hiyo ni sehemu ya kazi ya siku. Na hapo ndipo nishati hujificha vizuri kuliko popote. Mkanda ulionasa umevutika: mota imeuvuta mpaka ikashindwa, na mvuto ule umebaki ndani ya mpira na ndani ya gea hata baada ya stima kukatwa. Gunia likitoka, mkanda unaruka mbele, pengine shubiri moja. Vidole vilivyokuwa kati ya mkanda na rola havihitaji zaidi ya shubiri.

Kanuni maarufu ya Marekani kuhusu jambo hili, iliyotangazwa na idara yao ya usalama kazini mwaka 1989 na kuanza kutumika Januari 1990, inaruhusu kazi ndogo ndogo za wakati wa uzalishaji kufanywa bila kufuli, lakini kwa sharti kwamba iwepo kinga nyingine inayofanya kazi kweli. Viwanda vyetu vimeazima ruhusa na kuliacha sharti. Kama kukwamua hutokea mara ishirini kwa zamu, dawa ni kuuliza kwa nini mashine inakwama mara ishirini, na kuiwekea ndoano ndefu ya kuvutia na mlango unaoikata stima ukifunguliwa. Kumwambia kibarua "kuwa mwangalifu" hakujawahi kuuongezea mkono wake unene. Idara hiyo ya Marekani inakadiria kwamba kuifuata kanuni yake kikamilifu huzuia vifo karibu 120 na majeruhi 50,000 kila mwaka, katika nchi yenye mashine zenye vifuniko na wakaguzi wengi kuliko sisi.

Utaratibu wenyewe si mgumu kueleza. Unajua vyanzo vyote vya mashine hiyo, vimeandikwa na kubandikwa hapo hapo. Unawaarifu wanaoitumia. Unaizima kwa njia ya kawaida. Unakata kila chanzo mahali pake, unapiga kufuli, unaning'iniza kibao chenye jina lako. Unatoa kilichobaki ndani: hewa, mvuke, chaji, uzito ulioinuliwa. Kisha unajaribu kuiwasha.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayoamua. Unakwenda kwenye kitufe cha kuwasha na kukibonyeza ukitaka mashine iwake. Isipowaka, unakirudisha kitufe kilipokuwa na kuchukua testa. Unaijaribu testa kwanza kwenye waya unaojua una stima, kisha unapima ulipokata, kisha unairudia pale penye stima kuhakikisha haikufa katikati. Fundi anayepima mara moja na kuona sufuri hajui kama waya hauna stima au testa haina betri. Nimesikia mafundi wakiliita jambo hili woga. Kwangu ndiyo alama ya fundi aliyeiva, kwa sababu swichi hukosewa: kwenye paneli yenye breka arobaini zilizoandikwa kwa kalamu iliyofifia, breka ya mota namba 3 huweza kuwa ya mota namba 4, na kufuli zuri kwenye breka isiyo yake humtuma mtu kwenye kifo akiwa na moyo mtulivu.

Nirudi kwenye kufuli lenyewe, kwa sababu ndilo lenye ubishi. Kila anayeingia hupiga kufuli lake, lenye ufunguo mmoja, na ufunguo huo huwa mfukoni mwake. Wakiingia watu sita, makufuli ni sita kwenye kibano kimoja cha chuma chenye matundu. Wa sita akiwa bado ndani, mashine haiwaki, hata kama wale watano wameshanawa mikono na kwenda kula. Kibao peke yake hakitoshi. Kibao kilichoandikwa "Usiwashe, watu wako kazini" kinamtegemea anayekisoma akubali, tena akisome, tena akiamini kuwa si cha wiki jana.

Sasa litazame kufuli kwa jicho la cheo. Kijana aliyeokotwa getini leo asubuhi, akishapiga kufuli lake, ana mamlaka juu ya mashine ile kuliko meneja, kwa muda wote atakaokuwa ndani. Meneja aweza kukasirika, aweza kuwa na meli inayosubiri shehena na malori yaliyopanga foleni mpaka barabarani. Mashine haitawaka mpaka kijana atoke na kuchomoa ufunguo mfukoni. Naamini hapa ndipo upinzani wa kweli ulipo. Tunaambiwa ni gharama, na makufuli ishirini hayafiki bei ya mota moja iliyoungua. Tunaambiwa ni muda, na kiwanda kile kile hupoteza saa nzima kumsubiri mtu mmoja mwenye funguo za stoo. Kinachokera ni kumpa mtu wa chini neno la mwisho. Katika mahali ambapo kibarua humwita msimamizi "bosi" na hudhani kuuliza swali ni kuomba kufukuzwa, kufuli linageuza mpangilio wa heshima, na watu hulihisi jambo hilo hata wasipolitaja.

Ndiyo maana viwanda vingi vilivyonunua makufuli vimeyafanya mali ya msimamizi. Yako kwenye kabati lake, ufunguo wa akiba uko kwenye droo yake, yeye ndiye anayepiga na yeye ndiye anayetoa kwa niaba ya wote. Mkaguzi akija anaonyeshwa makufuli mekundu yanayong'aa. Lakini mamlaka hayakuhama hata hatua moja, na watu walio ndani ya mashine bado wanategemea kumbukumbu ya mtu aliye nje, mwenye simu inayolia.

Kumbukumbu ya mtu aliye nje ndiyo iliyofeli katika ajali mbaya kuliko zote za mitambo ya mafuta baharini. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini upande wa Scotland, pampu moja ya gesi iliyogeuzwa kimiminika ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo. Valvu yake ya usalama ilikuwa imeondolewa, na mahali pake pamezibwa kwa kifuniko ambacho hakikukazwa sawasawa. Zamu ya mchana ikaisha. Karatasi ya kibali cha kazi ya valvu ile iliachwa chumba cha udhibiti bila mazungumzo ya ana kwa ana ya kukabidhiana. Usiku pampu ya pili ikagoma. Bila pampu, umeme wa jukwaa zima ungekatika. Zamu ya usiku ikaona karatasi moja tu, ya matengenezo makubwa ambayo hayajaanza, ikaamini pampu ya kwanza ni nzima, ikairudishia stima na kuiwasha. Watu 167 walikufa. Tume ya uchunguzi ya jaji Lord Cullen ilitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, na tasnia nzima ya mafuta ya Uingereza ikabadilishwa nayo.

Watu wale wa usiku hawakuwa wazembe. Walikuwa na haraka ya kuokoa mitambo, walitafuta karatasi, wakapata isiyo kamili. Karatasi huweza kupotea chini ya karatasi nyingine. Kufuli la aliyeondoa valvu, lingekuwa limebanwa kwenye swichi ya pampu ile, lisingekuwa na mahali pa kupotelea. Fundi wa umeme wa usiku angesimama mbele yake na kulazimika kuuliza ni la nani. Viwanda vya Mombasa vinavyofanya kazi zamu tatu vina usiku wa namna hii kila mwezi, na kukabidhiana zamu kwetu mara nyingi ni mtu mmoja akikimbilia matatu huku mwenzake akiingia getini.

Kisa cha pili kinatugusa kwa karibu, maana nasi tuna viwanda vya jodari. Oktoba 2012, katika kiwanda cha Bumble Bee kule Santa Fe Springs, California, mfanyakazi aliingia kwenye tanuri refu la mvuke la kupikia samaki wa makopo ili kulitengeneza. Wenzake walidhani amekwenda msalani. Walijaza tanuri zaidi ya tani tano za samaki, wakafunga mlango, wakawasha. Humo ndani joto hufika nyuzi 132. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 6 kuyamaliza mashtaka. Hakuna kilichoharibika siku ile: mlango ulifunga, mvuke ulikuja, saa ilihesabu. Mashine ilifanya kila ilichoamriwa. Kilichokosekana ni njia ya mtu aliye ndani kuizuia amri ya walio nje.

Kenya haina uhaba wa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa watu wote wanaofanya kazi hapo, na inasema wazi kuwa inahusu mahali popote mtu anapofanya kazi, kwa muda au kwa kudumu. Kibarua wa siku moja yumo. Fundi wa mkandarasi yumo. Kifungu cha 96 kinamtaka mwajiri atoe kibali cha kazi kwa kazi za hatari, na kinataja ukarabati wa boila, kazi za bandarini, kuingia sehemu zilizofungika na matengenezo ya mitambo. Ukiisoma orodha hiyo utadhani aliyeiandika alikuwa amesimama kwenye gati la Mbaraki. Kifungu cha 14 kinamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa anayoiona, na kinamkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla haijaondolewa. Penye watu 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi.

Kinachokosa nguvu ni daraja kati ya kifungu na swichi. Kibali cha kazi kimegeuzwa karatasi ya kusainiwa asubuhi kwa jumla, na kamati nyingi hukutana kujadili viatu na barakoa. Havidharauliki, lakini hakuna kiatu kinachozuia mkanda. Ningependa kuona mkaguzi wa serikali akiingia kiwandani na kuomba jambo moja tu: "Nionyesheni mtu aliye ndani ya mashine sasa hivi, na anionyeshe ufunguo wake." Jibu lake lingemwambia zaidi ya majalada yote ya ofisini.

Kuna na hesabu ya baada ya ajali. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka 2007, hukokotoa ulemavu wa kudumu kwa msingi wa mapato ya miezi 96, na ina jedwali linalokipa kila kiungo asilimia yake. Kwa mwenye mshahara mnono hesabu hiyo huleta kitu. Kwa kijana anayelipwa kwa siku, mwenye siku kumi na mbili za kazi mwezi huu na nane mwezi ujao, mkono wa kulia unaweza kuishia kuwa pesa za kununua tuktuk ambayo hawezi kuiendesha. Mazishini husemwa ni kudra, na hayo ni maneno ya kuwaliwaza wafiwa. Sina ugomvi nayo. Ripoti ya kampuni haina haki ya kuyaazima.

Mafundi nao wana hoja zao, na moja ni nzito. Mashine nyingi hapa ni kuukuu, zilinunuliwa mitumba, na swichi zake hazina tundu la kupigia kufuli. Ni kweli. Kuna vibano vidogo vya kufunika breka, kuna minyororo ya kufungia mikono ya valvu, na pale ambapo hakuna chochote kinachoshika, fyuzi hutolewa na kuwekwa kwenye sanduku lililopigwa makufuli ya watakaoingia. Kazi hiyo fundi wa umeme mzuri anaimaliza kwa mashine moja baada ya nyingine, akianza na zile zinazokwama sana. Hoja ya kwamba "tumefanya hivi miaka yote na hatujaumia" siipi uzito huo. Walioumia hawako tena kazini kuijibu.

Hoja nyingine husemwa kama ya kukomesha mazungumzo: je, mwenye kufuli akienda nyumbani nalo? Zamu imeisha, fundi kavuka Likoni, ufunguo uko mfukoni mwake na mashine imefungwa. Wengi hujibu kwa msumeno wa chuma, na siku msumeno unapozoeleka, kufuli limekuwa pambo. Kanuni ya Marekani imelijibu vizuri. Anayeidhinishwa kulikata athibitishe kwanza kuwa mwenyewe hayumo kiwandani, afanye kila juhudi ya kumpata, na ahakikishe mwenye kufuli anajua limeondolewa kabla hajaanza kazi tena. Kwetu hilo lina maana ya kumpigia simu, kukagua mashine kwa macho pande zote, kuandika jina la aliyeidhinisha, na kama fundi anapatikana, kumlipia nauli arudi. Feri itachukua muda wake. Uzalishaji usubiri.

Wakandarasi ndio ninaowahofia kuliko wote, kwa sababu mashine zikisimamishwa kwa matengenezo makubwa, kiwanda hujaa watu wasioijua paneli hata moja. Huja na vifaa vyao, vibarua wao na haraka yao, na mwenye kiwanda hudhani usalama wao ni shauri la aliyewaleta. Sheria haisemi hivyo. Kabla ya kusimamisha mashine kwa awamu ijayo, kamati za usalama zidai mambo mawili kwa maandishi: kila mtu wa mkandarasi apewe kufuli lake getini pamoja na kofia ngumu, na aonyeshwe na fundi wa kiwanda, swichi kwa swichi na valvu kwa valvu, anapolipiga. Mkandarasi atasema bei itapanda. Ipandishwe, na iandikwe kwenye mkataba kama gharama ya kazi, pamoja na nondo za kulehemu na oili ya gea.